Seleri Iliyobaki Chini

Halina Gorski alikutana na Wendell Tate katika Soko la Broadway, mjini Buffalo, wiki ya Pasaka, kwenye foleni ya kondoo wa siagi, siagi inayofinyangwa umbo la kondoo kwa meza ya Pasaka. Wendell, aliyevaa koti la kijani lililopauka, alichukua wa mwisho.

"Huyo alikuwa wangu," Halina akasema.

"Basi tugawane. Wewe kichwa, mimi mgongo."

"Nani atamkata kichwa? Dhambi hiyo."

"Basi tutakaa naye wote."

Kabla ya kiangazi, Wendell alikuwa akigawa chakula katika nyumba ya wazee ambako Halina alisimamia chumba cha baridi. Jiko zima lilijua kwamba wanapendana. "Pasaka ijayo, foleni ileile," Wendell alimnong'oneza, "nina swali langu, mpenzi."

Kwaresima ikaingia. Kila Ijumaa wazee walikula samaki jodari aliyechanganywa na seleri iliyoletwa ikiwa imekatwa tayari. Mfuko ukifunguliwa, seleri humiminwa katika beseni safi na kubandikwa tarehe. Mpya haimwagwi juu ya ya zamani, isije iliyoharibika ikajificha chini ya tarehe mpya. Halina ndiye aliyewafundisha wenzake.

Ijumaa ya tatu wazee wanne waliugua. Bi Stasia, aliyezoea kumwita Halina "mwanangu", akafa. Bakteria wa ugonjwa huo walikutwa kwenye beseni la seleri.

"Chumba changu kilikuwa na baridi ya kutosha," Halina alimwambia meneja. "Muulizeni Wendell. Meza yake ya kugawia chakula hupata joto."

Wendell alifukuzwa siku hiyohiyo. Hakujitetea. Halina akaona kunyamaza kwake ni kukiri.

Jumatatu ya Wiki Takatifu, Halina alifungua mfuko mpya. Lori lilikuwa likisubiri mlangoni, dereva akiita. Mkono wake ukamimina seleri mbichi juu ya iliyobaki, ukabandika tarehe ya leo. Akautazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akakumbuka: Alhamisi ile, kabla ya wazee kuugua, mkono huohuo ukimimina vilevile, Wendell nje, akipiga honi, wanawahi sinema.

Akampigia simu.

"Wendell, ni mimi niliyefanya."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwandiko wa tarehe ulikuwa wako. Na meza yangu niliipima kila saa."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Ukasema, lakini jina langu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Usianzie kwangu, Halina."

Kabla ya saa sita alikuwa amemweleza meneja kila kitu, naye akavuliwa aproni aliyoivaa miaka kumi na moja.

Jumamosi Takatifu Halina alisimama kwenye foleni ileile ya sokoni akiwa na koti jeusi la mazishi. Hakutarajia mtu. Koti la kijani likasimama kando yake.

"Umekonda," Wendell akasema.

"Na wewe umezeeka."

Wendell alinunua kondoo mmoja, akamweka mikononi mwa Halina.

"Wetu?" Halina akauliza.

"Hapana. Wa binti yake Stasia. Anakaa mtaa wa pili. Utamwambia mwenyewe."

"Na lile swali lako?"

"Sina swali leo. Nenda. Nitakuwa kwenye gari."

Halina alisimama mbele ya mlango wa yule binti muda mrefu, siagi ikianza kulainika viganjani. Nyuma yake gari lilikuwa limezimwa. Safari hii Wendell hakupiga honi.

Akabisha.