Nilikuja Gusoma

"Fungula, Beni. Ni miye, Valens."

"Valens gani? Ule alisema hanijue?"

Wiki ya pili sasa Benitha yuko kwao Gihundwe, chuo kikuu amekikimbia, na mtihani ni Jumatatu. Mama yake anadhani ni malaria. Malaria gani ya kulia kila simu ikilia? Ujumbe wa Valens ulikuwa uleule: "Lundi iko examen. Rudi. Minakupenda."

Walikua pamoja Bukavu, ukuta kwa ukuta, mpaka vita vikaja na majirani wakaanza kuwaita Wanyarwanda. Wakavuka mto Rusizi hadi kwa Wanyarwanda, wakidhani wamefika kwao. Chuoni wakaitwa Wakongomani. Valens alijifunza Kinyarwanda mpaka kikanyooka, akakizika Kiswahili. Ulimi wa Benitha uligoma.

Siku iliyomkimbiza, mwalimu alimuuliza atafanya kazi ya darasa na nani. Akasimama, akakivisha Kiswahili chake nguo ya Kinyarwanda:

"Ndashaka gusoma na Valens."

Maskini, alimaanisha anataka kusoma na Valens tu. Lakini kwa Kinyarwanda kusoma shule ni kwiga. Gusoma, ukiitaja pamoja na jina la mwanaume, watu husikia kubusu. Darasa likaangua kicheko. Valens alipoulizwa kama anamjua, akacheka pia.

"Huyu Mkongomani? Simjui."

Benitha alifungua mlango.

"Kucheka, bantu bote balicheka. Weye ulisema haunijue!"

"Niliogopa, Beni. Bangenitenga na miye."

"Na miye je? Nani hakunitenga?"

Valens akapiga magoti palepale kizingitini, machozi yakimtoka.

"Unisamehe. Twende leo. Tutakaa pamoja mbele ya bote, bajue uko wangu."

Moyo wa Benitha ukalegea. Alimpenda, afanyeje? Akafunga begi, Valens akambebea mpaka stendi ya Kamembe. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakumjua Valens.

Kwenye mlango wa basi alisimama Izabayo, mwanafunzi wa darasa lao.

"Valens! Uri kumwe na nde?" Uko na nani?

Benitha akasubiri. Aliona mkono wa Valens ukiliachia begi, taratibu, likatua chini.

"Ndi njyenyine." Niko peke yangu.

Kinyarwanda hicho Benitha alikielewa chote. Kilimchoma kuliko kicheko cha darasa zima. Akainama, akaokota begi lake.

"Beni," Valens akanong'ona kwa Kiswahili, "unarudi nyumbani?"

Nyumbani wapi? Bukavu walikowafukuza? Benitha akapanda basi, akakaa kiti cha mbele kabisa, akamjibu kwa Kinyarwanda, kwa sauti, kila mtu asikie:

"Naje gusoma. Ubu ngiye kwiga." Nilikuja kubusu. Sasa naenda kusoma.

Hakuna aliyecheka. Valens akapita kichwa chini, akaenda kukaa kiti cha nyuma, peke yake kama alivyosema.

Benitha alilia basi likivuka msitu mzima wa Nyungwe kuelekea chuoni, lakini hakushuka.