Taa ya Breki ya Pokuaa

Boadu alichomoa betri, akaiweka chini, na taa ya breki ya kushoto ikaendelea kuwaka.

Alikuwa amechoka hata kushangaa kukamshinda. Tangu asubuhi, hapo gerejini kwake Suame, alikuwa amebadilisha balbu, fyuzi na swichi ya pedali, akafuata waya mmoja mmoja mpaka chini ya zulia. Kila kitu kizima. Gari lilikuwa la Pokuaa, mwanamke anayepeleka watoto shule, na taa isiyozimika ni balaa: walio nyuma hawajui lini anasimama kweli. Jana lori nusura limgonge, watoto wamejaa ndani.

"Fundi, taa hii ulinifungia wewe wiki iliyopita," Pokuaa alisema kwa sauti ya chini. "Uliitoa wapi?"

"Kwa Asiamah, muuza skrepa."

"Na gari ilikotolewa lilipatwa na nini?"

"Lilipinduka bondeni, dereva akafa," Boadu alisema. Kwa desturi ya hapo, kifaa cha gari kama hilo hakifunguliwi mpaka uvunje yai juu yake, umwite marehemu kwa jina, umwelekeze kijijini kwao. Siku ile Boadu alikuwa na foleni ya magari. Alichukua bisibisi, akafungua tu.

"Fundi," Pokuaa alinong'ona, "hebu angalia pedali."

Boadu akainama mlangoni. Pedali ya breki ilikuwa imezama mpaka mwisho, hakuna mguu juu yake, na chini ya usukani ilipanda harufu ya mpira ulioungua na damu, kisha ikasikika pumzi ya mtu anayejikaza kwa nguvu zake zote, mtu anayeliona bonde linakuja na bado anaamini gari litasimama, na Boadu akaingiwa na woga na huruma kwa pamoja.

"Nenda kamuulize Asiamah jina la marehemu," Pokuaa alisema.

Kwa Asiamah ni mbali, njia ni tope tupu, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Jina la nini? Atasikia tu."

Boadu akaomba yai kwa mama muuza wali wa jirani, akalivunja juu ya taa. "Pole, kaka. Safari imekwisha. Shuka hapa, upumzike."

Pedali ikapanda taratibu. Taa ikazimika. Boadu akarudisha betri, Pokuaa akajaribu: akikanyaga inawaka, akiachia inazimika. Alifuta machozi, akarudisha gari barabarani, akaenda kuwachukua watoto wake wa shule.

Boadu aliketi kwenye benchi. Mwili mzima ulitaka kwenda kulala. Akajaribu kuinuka, lakini mguu wa kulia haukubanduka sakafuni. Ulikuwa umekanyaga kwa nguvu ambazo hazikuwa zake, paja linatetemeka, na alipoushika kwa mikono miwili kuuvuta, ubao wa benchi pembeni yake ukalia, kama mtu ameketi.

"Kaka," sauti iliyochoka kuliko yake ikamwambia sikioni, "umeniambia nishuke. Hapa ni wapi?"