Chetezo Ndani ya Boti

Abdulghafur hakai. Ukimpa kiti, anakijaribu kidogo, kisha anainuka kama aliyekalia siafu. Yeye ni dereva wa lori. Siku za kazi anakwenda Houston na kurudi Garland, anakoishi, na hapo roho yake hutulia. Siku za mapumziko ndiyo tabu. Anazunguka sebuleni. Anafungua friji bila njaa. Anarekebisha mlango ambao haujaharibika.

"Baba, please, kaa basi," binti yake Yumna humwambia. "Zulia litatoboka."

Ndipo akanunua boti. Ilikuwa boti ya zamani ya injini ya petroli. Ilikuwa na chumba kidogo chenye viti vya sponji na madirisha madogo. Aliifunga kwenye gati, katika mfereji unaoingia ziwani. Kila mtu aliisifu boti ile, isipokuwa waliowahi kuipanda.

Kila wakipanda, mkewe Hasina aliumwa kichwa. Yumna alisikia kichefuchefu. Abdulghafur peke yake hakuumwa na kitu.

"Ni maji tu," alisema. "Hamjayazoea."

"Mimi mtoto wa Unguja, leo nishindwe na maji ya ziwa?" Hasina alimjibu. "Sikiliza, Baba Yumna. Jumamosi mama anakuja kutoka Houston. Kichwa kikiniuma tena, boti inauzwa."

"Hakitauma."

"Umekiuliza?"

Jumamosi ikafika na baridi yake. Upepo wa kaskazini ulipiga tangu asubuhi. Bi Zuwena, mama yake Hasina, alishuka kwenye gari na makoti mawili mwilini na bakuli la visheti mkononi.

Hasina alitangulia chumbani kwenye boti. Akanusa. Kulikuwa na uvundo, kama wa kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Chini ya uvundo kulikuwa na harufu nyingine, kali. Hasina aliona aibu. Mama hapokelewi kwenye harufu kama ile.

Basi akafanya alivyofanya kila safari. Aliwasha makaa, akayatia kwenye chetezo, akaweka udi juu yake. Chetezo akakiweka katikati ya chumba. Akafunga madirisha na mlango, ili harufu iingie kwenye viti na baridi ibaki nje.

Chumba kikanukia kama nyumba ya harusi.

"Ehe," alisema Bi Zuwena akikaa. "Sasa kimekuwa chombo cha watu."

Abdulghafur naye alikaa. Kisha akatoka kuangalia kamba. Akarudi, akala kisheti, akatoka kuangalia injini. Akarudi, akatoka tena kuangalia kamba, ingawa kamba haikuwa na safari yoyote.

"Huyu mkwe wangu ana nini miguuni?" Bi Zuwena aliuliza.

"Ana barabara, bibi," Yumna alijibu. "Moja mguu wa kulia, moja wa kushoto."

Walicheka. Kisha Yumna akanyamaza.

Wasomaji watukufu, tunaomba jambo hili mlipe uzito wake. Yumna hanyamazi. Husema hata akiwa usingizini. Lakini sasa alikuwa ameegemea ukuta, kimya, mkono tumboni. Bi Zuwena alipiga miayo, akafumba macho. Hasina alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Abdulghafur alirudi kutoka kwenye kamba, akamwona mkewe. Aliona boti yake ikiuzwa.

"Hapana, jamani," alisema. "Mnahitaji upepo wa ziwani tu. Ngojeni niwashe injini tuondoke."

Akatoka, akafunga mlango ili wasipigwe na baridi, akaenda kwenye usukani. Akashika ufunguo.

"Usiwashe!"

Sauti ilitoka kwenye boti ya jirani. Ilikuwa ya Sabine, mama wa Kirundi, muuguzi katika hospitali moja ya Plano. Yeye na mumewe walikuwa na boti kwa miaka mingi. Alikuwa anasugua sakafu ya boti yake.

"Jirani, toa mkono kwenye huo ufunguo! Tangu asubuhi nanusa petroli. Kumbe inatoka kwako!"

"Mbona mimi sinusi? Nanusa udi tu."

"Udi? Mnachoma wapi?"

"Ndani."

"Kwa makaa?"

"Dada, udi huchomwa kwa nini tena? Kwa maombi?"

Sabine hakucheka. Alitupa brashi. "Kuna watu humo ndani?"

"Mke wangu, mama mkwe na binti. Vichwa vinawauma kidogo."

"Wote pamoja? Yezu Maria! Watoe! Watoe nje sasa hivi!"

Kwa mara ya kwanza miguu ya Abdulghafur ilipata kazi ya saizi yake. Alivuta mlango, akambeba Bi Zuwena.

"Niache nilale, mwanangu," bibi alinong'ona. "Kidogo tu."

"Hakuna kulala, mama!"

Yumna alitoka akiyumba, akatapika kando ya gati. Hasina alitoka nyuma yake, kisha akageuka kufuata mkoba wake. Sabine, aliyekwisha kuruka gatini, akamshika mkono wa koti.

"Mkoba utangoja. Humo harudi mtu."

Aliwapeleka wote mbali na boti, kwenye hewa safi. Akapiga 911. Wazimamoto walikuja na chombo cha kupima hewa. Walipokifikisha mlangoni, kilipiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa kisheti. Bi Zuwena alivalishwa barakoa ya oksijeni. Wote watatu wakapelekwa hospitali.

Huko hospitali Abdulghafur alitembea ukumbini, akaenda, akarudi. Sabine alikuwa amekaa.

"Nimewaua," alisema Abdulghafur.

"Hujawaua. Daktari amesema watapona. Kaa nikueleze. Haya, kama huwezi, simama nikueleze."

"Lakini moshi ulikuwa kidogo, na wa kunukia!"

"Tatizo si ule moshi ulioonekana. Makaa yakiungua hutoa gesi ya sumu. Inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, inajaa upesi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unataka kutapika, usingizi unakuchukua. Ukilala humo, unaweza usiamke."

"Mbona mimi siumwi?"

"Niambie, wewe ulikaa ndani kwa muda gani?"

Abdulghafur alifikiri. Hakukumbuka kukaa.

"Watu wakiumwa pamoja, mahali pamoja," Sabine aliendelea, "na wakitoka nje wanapata nafuu, usiseme ni maji. Shuku hewa. Toa watu wote, piga 911, na usirudi ndani. Moshi wa injini una gesi hiyohiyo. Injini ikiwaka, mtu asikae nyuma karibu na bomba la moshi."

"Na petroli?"

"Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unashuka mpaka chini kabisa, pale maji yanapojikusanya."

"Kwenye ngama," alisema Abdulghafur. Ndivyo walivyopaita kwao.

"Ngama, voilà. Ukiwasha injini, cheche moja inatosha kulipua boti; hata makaa yenu yangeweza. Pua yako ingekuonya, lakini mliifunika kwa udi."

Hasina alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema polepole.

"Wewe ulitaka kumpokea mama yako kwa heshima," Sabine alimjibu. "Udi hauna kosa, Mama Yumna. Makaa ndiyo hayana nafasi ndani ya boti."

"Basi boti inauzwa."

"Utamuuzia nani? Familia nyingine yenye vichwa? Itengenezeni kwanza. Kisha uamue."

Hasina aligeuka, akarudi kwa mama yake. Lakini boti haikuuzwa wiki ile.

Fundi wa boti alifungua sakafu. Alikuta mpira wa kupitishia petroli umepasuka, unadondosha tone kwa tone. Akaweka mpya, uliotengenezwa kwa ajili ya boti. Pampu ya kutoa maji kwenye ngama ilikuwa imezibwa na majani, na maji yaliyolala humo ndiyo yaliyoleta uvundo. Walisafisha, wakakausha. Viti vya sponji vilianikwa juani huko Garland mpaka majirani wakauliza kama familia inahama.

Walifunga king'ora cha gesi ya sumu karibu na mahali pa kulala. Mtungi wa kuzimia moto ukakaa karibu na mlango. Kila mtu alinunuliwa jaketi la kuokoa maisha la saizi yake.

"Naonekana kama andazi lililoumuka," alisema Bi Zuwena aliporudi kutoka Houston, majira ya kuchipua.

"Andazi halizami, bibi," alisema Yumna. Alikuwa amepona kabisa, kwa bahati mbaya ya watu wote.

Bi Zuwena alinukia udi. Nguo zake zilifukizwa nyumbani, uani, kwenye hewa.

Hasina aliingia chumbani peke yake. Alibonyeza kitufe cha kujaribu king'ora. Kikalia. Akafungua madirisha yote. Kisha akafungua kifuniko cha injini, akainama, akanusa. Hakukuwa na petroli. Hakukuwa na uvundo. Akawasha feni ya kunyonya mvuke kutoka kwenye ngama.

Abdulghafur alinyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Bado," alisema Hasina. "Feni izunguke dakika nne kwanza. Sabine amesema."

"Nne? Mama Yumna, umenusa mwenyewe, hakuna kitu!"

"Nne."

Abdulghafur alisimama. Alitazama maji. Alijikuna shingo. Alitazama saa, akaitikisa kuona kama imekufa. Yumna alimtazama kwa huruma kubwa, kama mtu anayetazama samaki nje ya maji. Na baba wa watu akasubiri dakika zote nne, bila kwenda popote.

Hasina alivuta pumzi ndefu. Kichwa chake kilikuwa chepesi.

"Haya," alisema, akakaa kando ya usukani. "Bismillahi. Washa."