Mdomo wa Pili wa Handaki

SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma, kata ya Mandewa, kwenye jengo la kukamulia alizeti. Kunanuka mashudu. Alute alikalia gunia, bastola mapajani. Kila aliyeingia alimwamkia kwanza. Jambazi huyu alisamehe mengi, lakini si kijana anayeingia bila shikamoo.

Mchongo ulikuwa huu. Ghala la ushirika nje ya mji lilijaa mafuta ya alizeti. Mzigo hautoki getini mpaka kibali kitumwe kutoka kompyuta moja tu, iliyoko ofisi ya ushirika, mji wa Kiomboi. Hezekia, mtu wa Alute, angepeleka malori mawili. Nathan, fundi wa mitandao, angetuma kibali akiwa hapa hapa, na kingeonekana kimetoka Kiomboi.

Njia yake aliiita handaki. Kila pakiti ya data inayotoka kwenye laptopu yake inavikwa bahasha, inasafiri, inavuliwa Kiomboi, na kuanzia hapo ni ya Kiomboi. Kiini cha mfumo wa kompyuta zote mbili kilikuwa na uwezo huo tayari. Kazi ilikuwa kuuamsha, kisha kuipa kila kompyuta anwani ya mwenzake. Anwani ikikosewa upande mmoja, hakipiti kitu.

Kompyuta ya Kiomboi aliitumia Damari, karani, mdogo wake Nathan wa tumbo moja. Damari alikubali kwa sababu kaka huyu ndiye aliyemsomesha. Nathan alimwapia kwamba kibali kitatoka yeye akiwa ameshapanda basi.

SAA SITA MCHANA

Damari aliandika amri alizotumiwa. Handaki likaitika. Akaaga ofisini kwamba anaumwa, akaenda stendi.

Alute akahofia majirani watashangaa jengo kuwa kimya. Akaagiza mashine iwashwe. Mashine ikanguruma, umeme ukakatika. Ujinga mtupu. Laptopu ilikuwa na betri, ruta, kile kifaa cha intaneti, haikuwa nayo. Umeme uliporudi, ruta ikapewa anwani mpya, na Kiomboi ikabaki kuita anwani ya zamani.

Hezekia akapiga simu kutoka getini. Mlinzi ameanza maswali.

"Mrudishe mdogo wako," Alute alisema.

"Yuko stendi, mzee. Na meneja wa ofisi anakaribia kurudi kutoka kula."

Alute aliihamishia bastola mezani.

Hapo Nathan aliogopa, na sitampamba. Alipiga simu. Damari akauliza kama meneja yupo. Nathan akamwambia meneja amesafiri, harudi leo. Alidanganya bila sauti kutetemeka, na moyo ulimuuma palepale.

Damari akarudi. Akaandika anwani mpya. Handaki likafunguka, kibali kikapita, malori yakaanza kupakia.

SAA NANE

Hezekia alipiga tena. Yuko barabarani na mzigo wote. Alute akacheka, akampiga Nathan begani, akamwambia afute handaki na kumbukumbu zote, huku na Kiomboi.

Nathan alimpigia Damari kwanza. Akapokea mwanamume.

"Meneja hapa. Wewe ni nani yake?"

Meneja akaendelea kwa hasira. Kibali cha wizi, ambacho yeye hakukiidhinisha, kimetoka kwenye kompyuta ya binti huyu, na amemkuta ameketi mbele yake. Polisi wameshafika. Wanamuuliza nani kamtuma. Anasema hakuna, ni yeye peke yake.

Nathan aliona aibu. Alijua kilichobaki. Handaki likifutwa, mwizi ni Damari. Likiachwa, kompyuta ile ile itaonyesha pakiti zilitoka wapi.

"Futa," Alute alisema.

"Nikifuta anafungwa yeye, mzee."

"Yeye atakuja kutoka. Sisi hatutoki. Futa."

Nathan aliifunika laptopu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukaleta simu mdomoni.

"Meneja, shikamoo. Hiyo kompyuta msiizime. Tafuteni mtu anayejua mitandao. Ina handaki, na mdomo wa pili uko Mandewa. Mdogo wangu nilimdanganya."

Alute alisimama. Chuma kikamgusa Nathan kisogoni, kikiwa cha baridi. Akataja mtaa, akataja jengo, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutaja jina lake mwenyewe, Alute alipofyatua risasi.