Awuor Anasafiri Akiangalia Nyuma

Dalmas alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa Dunga, karibu na ufuo wa ziwa, mahali wauza samaki wanapopokea mzigo wao. Friji ikikataa kugandisha, aliitwa Dalmas. Kompresa ikipiga kelele, aliitwa Dalmas. Watu walisema kitu alichokikaza Dalmas hakilegei tena. Naye alipenda kusikia hivyo.

Mke wake, Celestine, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Waliishi Migosi, kwenye ploti yenye nyumba sita. Mtoto wao wa kwanza, Awuor, alikuwa na miezi mitano. Alikuwa msichana mnene mwenye sauti kubwa. Akicheka, hata jirani wa nyumba ya mwisho alijua.

Mama yake Dalmas, Selpha, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwao, Pap Onditi, kusaidia kumlea mjukuu. Kila asubuhi alimwogesha Awuor kwenye beseni. Akampaka mafuta. Kisha akamvalisha sweta, soksi na kofia ya sufu, hata kama jua lilikuwa kali.

"Mama, mtoto anatoka jasho," Celestine alisema.

"Jasho halijaua mtoto," Selpha alijibu. "Baridi ndiyo mbaya."

Mwezi huo familia ilikuwa na furaha mbili. Kwanza, walikuwa wamenunua gari, dogo na jeupe. Pili, Jumapili Awuor angebatizwa kanisani kwao, Pap Onditi. Dada yake Celestine anayeishi Nairobi aliposikia habari hizo, aliwatumia kiti cha gari cha mtoto kwa basi. Mwanawe alikuwa amekua, na kiti hakikumtosha tena. Alipiga simu pia.

"Kiti ni kizima," alisema. "Mimi ndiye niliyekinunua kikiwa kipya. Hakijawahi kuwa kwenye ajali, na tarehe yake ya mwisho haijafika. Kijitabu kiko mfukoni, nyuma ya kiti. Someni kabla ya kukifunga."

Dalmas hakusoma.

"Mimi nafunga kompresa za friji kubwa," alimwambia mkewe. "Kiti cha plastiki kitanishinda?"

Alikiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari, kikiangalia mbele, jinsi watu wazima wanavyokaa. Aliona tundu pembeni, akapitisha mkanda wa gari hapo. Kifungio kikalia, tak. Kazi ilichukua dakika tatu.

Alhamisi walimpeleka Awuor kliniki kupata chanjo. Dalmas aliendesha. Celestine alikaa mbele. Selpha alikaa nyuma, kando ya mjukuu wake. Walipofika Kondele, mkokoteni uliojaa viazi uliingia barabarani ghafla. Dalmas akakanyaga breki.

Hawakugonga kitu. Lakini kiti cha mtoto kiliinuka, kikapinduka mbele, kikagonga mgongo wa kiti cha dereva. Awuor alining'inia kwenye mikanda yake, uso chini. Kisha akalia kwa nguvu zake zote, na Celestine naye akalia.

Kliniki walimweleza nesi yaliyotokea, naye akampima mtoto kwa makini. Aliangalia macho, shingo, mikono na miguu. Kwenye paji la uso palikuwa na alama nyekundu, basi.

"Mtoto yuko sawa," nesi alisema. "Lakini hicho kiti hakijafungwa vizuri. Mkipata ajali ya kweli, hakitamsaidia."

Waliporudi nyumbani, Selpha alimbeba Awuor mikononi njia nzima.

"Nimelea watoto saba," alisema. "Sikuwa na kiti cha plastiki. Mikono yangu haijawahi kupinduka."

Dalmas alifika Migosi, akazima gari, akabaki amekaa ndani peke yake.

Jirani yao, Mama Nakhungu, alikuwa anaanika nguo. Mama Nakhungu alikuwa ameendesha ambulensi kwa miaka kumi na moja. Alikuwa ametoka zamu, na bado alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi. Aliona sura ya Dalmas, akaacha nguo kwenye beseni.

"Baba Awuor, kuna nini?"

Dalmas alimweleza yote. Hakuficha kwamba hakusoma kijitabu. Mama Nakhungu alifungua mlango wa nyuma wa gari. Alishika kiti cha mtoto kwa mkono mmoja, akakivuta. Kiti kikaja kama droo ya meza.

"Hiki kimekaa tu," alisema. "Hakijafungwa. Tena kinaangalia upande usiofaa. Mtoto wa umri huu anasafiri akiangalia nyuma."

"Kuangalia nyuma?" Selpha aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na Awuor begani. "Ataona nini huko? Mgongo wa kiti?"

"Swali zuri, Mama," Mama Nakhungu alisema. Kisha akamgeukia Dalmas. "Wewe ukibeba friji kwenye pikapu, unaiegemeza wapi?"

"Kwa ukuta wa mbele, nyuma ya dereva."

"Kwa nini usiiache katikati?"

"Nikipiga breki, itaruka mbele. Ikiwa imeegemea ukuta, haina pa kuruka. Ukuta unaishika yote..."

Dalmas aliangalia kiti. Akaangalia mtoto wake.

"Umeelewa," Mama Nakhungu alisema. "Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito sana ukilinganisha na mwili wake. Shingo yake bado ni laini. Akiangalia mbele, gari likisimama ghafla, mwili unashikwa na mikanda, lakini kichwa kinarushwa. Shingo ndiyo inayoumia. Akiangalia nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na mgongo, vyote kwa pamoja. Kiti kinakuwa ukuta wake."

"Na mikono yangu?" Selpha aliuliza.

"Mama, mikono yako ina upendo, hilo sipingi. Lakini gari likigonga kwa mwendo wa barabarani, mtoto wa kilo saba anavuta kama magunia mawili ya mahindi. Wewe unaweza kushika magunia mawili yanayoruka?"

Selpha alifikiri. "Hata moja siwezi," alisema.

"Hakuna anayeweza. Nimeona mambo hayo kazini. Sitayasimulia leo."

Celestine alitoa kijitabu mfukoni mwa kiti. Kilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya nailoni. Mama Nakhungu hakukichukua.

"Soma wewe, Mwalimu," alisema. "Baba Awuor atafunga. Mimi nitaangalia tu. Nikimfungia mimi, kesho atakuwa amesahau."

Kwanza alimwambia Dalmas asogeze gari mpaka mahali tambarare. Kisha wakaanza.

"Kiti cha mtoto kikae kwenye kiti cha nyuma cha gari," Celestine alisoma. "Kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa."

"Mfuko huo ni upi?" Selpha aliuliza.

"Umefichwa mbele ya abiria," Mama Nakhungu alieleza. "Gari likigonga, unafura mara moja, kwa nguvu nyingi. Unamsaidia mtu mzima. Lakini ukipiga kiti kinachoangalia nyuma, unaweza kumuua mtoto."

Dalmas alikigeuza kiti. Sasa mgongo wake ulielekea mbele ya gari. Celestine aliendelea kusoma. Kiti chao kilikuwa na njia mbili za mkanda. Njia ya rangi nyekundu ilikuwa ya mtoto mkubwa anayeangalia mbele. Njia ya buluu ilikuwa ya mtoto anayeangalia nyuma.

"Mimi nilipitisha kwa nyekundu," Dalmas alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo sababu tunasoma," Celestine alisema.

Dalmas alipitisha mkanda kwenye njia ya buluu. Akafunga, tak. Mama Nakhungu alishika kiti mahali mkanda ulipopita, akakitikisa. Kiti kikacheza.

"Bado. Fungua."

Mara ya pili Dalmas alivuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikaonekana. Mama Nakhungu aliinama, akachungulia.

"Mkanda umejisokota. Mkanda uliosokotwa hauna nguvu. Fungua."

Watoto wa ploti walikuwa wamekusanyika. Mmoja alisema fundi ameshindwa. Dalmas alicheka, akafuta jasho, akaanza tena. Alinyoosha mkanda kwa kiganja. Aliegemeza goti lake kwenye kiti ili kizame chini. Huku akibonyeza, akavuta mkanda.

"Sasa vuta mkanda wa begani utoke wote, mpaka mwisho," Mama Nakhungu alisema. "Halafu uuache urudi polepole, huku ukibonyeza kiti. Kwenye magari mengine mkanda hujifunga hivyo. Tusikilize kama hili ni mojawapo."

Mkanda ulirudi ukilia tik, tik, tik. Haukutoka tena. Mama Nakhungu alikitikisa kiti, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kilisogea kidogo sana, chini ya upana wa kidole gumba.

"Hapo sawa. Kikisogea zaidi ya inchi moja, anza upya. Na kama mkanda wa gari haujifungi wenyewe, kijitabu kinasema utumie nini. Sasa angalia mstari huu."

Pembeni mwa kiti palikuwa na mstari uliochorwa. Mstari huo ulipaswa kulala sawa na ardhi. Kiti kikisimama wima sana, kichwa cha mtoto huanguka kifuani, na pumzi inaweza kuziba. Kikilala sana, hakimkingi vizuri. Dalmas alirekebisha mguu wa kiti mpaka mstari ukalala sawa.

"Leta abiria," Mama Nakhungu alisema.

Selpha alileta mjukuu. Awuor alikuwa amevaa sweta nene, shali, na kofia ya sufu. Mama Nakhungu alitabasamu.

"Mama, garini tutavua sweta na shali kwanza."

"Apate nimonia?"

"Nguo nene inadanganya. Mikanda inaonekana imebana, kumbe imebana sweta. Gari likigonga, sweta linabonyea na mtoto anachomoka. Mfunge akiwa na nguo nyepesi. Ukiona baridi, mfunike shali juu ya mikanda."

Selpha aliguna, lakini alivua sweta mwenyewe. Mgongo wa Awuor ulikuwa umelowa jasho. Selpha alipapasa mgongo huo, akamtazama Celestine.

"Ulisema," alimwambia.

Walimlaza Awuor kwenye kiti. Mikanda midogo ilianzia usawa wa mabega au chini yake kidogo. Dalmas alikaza. Mama Nakhungu alimwonyesha namna ya kupima: jaribu kufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Dalmas alifinya. Vidole viliteleza. Klipu ya kifuani, inayounganisha mikanda hiyo, ilikaa usawa wa makwapa.

Awuor alitazama mgongo wa kiti cha gari. Akatazama miguu yake. Akakamata kidole kikubwa cha mguu na kucheka.

"Ataangalia nyuma mpaka lini?" Celestine aliuliza.

"Mpaka afikie uzito au urefu wa mwisho ulioandikwa kwenye kiti. Usifanye haraka. Akifika mwaka mmoja, bado. Hata miaka miwili na zaidi, kama kiti kinamruhusu. Miguu yake atakunja, haitamuumiza."

Ijumaa Dalmas alifungua kiti, akakifunga tena bila kusaidiwa. Jumamosi asubuhi alifanya hivyo mara nyingine, huku Selpha akimtajia makosa yake.

Jumamosi hiyo hiyo, saa nne, walianza safari. Celestine alikaa mbele na Selpha akakaa nyuma na mjukuu. Wote walifunga mikanda. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa pili wa Awuor, Selpha aliweka kikapu cha mikate na nyanya. Walipita Ahero. Wakasimama kidogo Katito ili Awuor atolewe, anyonye na kujinyoosha. Kisha wakaendelea.

Hawakuwa mbali na Pap Onditi wakati ndama mmoja alipokimbia kutoka kwenye majani, akakata barabara. Dalmas alikanyaga breki kwa nguvu zote. Matairi yalipiga yowe. Gari likasimama hatua mbili kutoka kwa ndama.

Kikapu kiliruka. Mikate ilikwenda chini ya viti. Nyanya moja ilipasukia kwenye redio. Mkanda ulimbana Selpha kifuani, ukamrudisha nyuma.

"Awuor?" Celestine aliita. Hakuweza kumwona kutoka mbele.

Selpha aliinama juu ya kiti cha mtoto. Kiti kilikuwa pale pale. Awuor alikuwa amelala tangu Katito. Alikunja midomo, akapumua kwa nguvu, akaendelea kulala.

"Yuko usingizini," Selpha alisema. Kisha akarudia polepole, kama mtu asiyeamini, "Bado yuko usingizini."

Dalmas alisogeza gari kando ya barabara. Aliweka kichwa juu ya usukani kwa muda. Alipokiinua, alikuwa anacheka na machozi yakimtoka. Mwenye ndama alifika mbio, akaomba msamaha, akasaidia kuokota nyanya.

Jumapili Awuor alibatizwa. Alipiga kelele pale maji yalipomgusa, na kanisa zima likacheka. Baada ya ibada, watu walitakiwa kwenda nyumbani kwa Selpha kula. Shemeji yake, Odongo, alikuja na pikapu yake.

"Shemeji, leta mtoto," alisema. "Panda hapa mbele na mimi, umpakate. Ni kilomita mbili tu."

Selpha alitikisa kichwa.

"Huyu hapakatwi kwenye gari," alisema. "Hata mita mia mbili."

"Tangu lini? Si wewe uliyelea saba mikononi?"

"Mungu aliwalinda. Sasa nimejua, siwezi kujifanya sijui. Njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka kwenye gari jeupe na kufungua mlango. Alimwambia Odongo avute kiti kwa nguvu zake. Odongo alivuta, akavuta tena, akakuna kichwa. Wanawake wawili waliobeba watoto wachanga walisogea kuona. Kisha wakaja wengine watatu. Mchungaji, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, alivua joho lake na kuuliza kama anaweza kujaribu kufunga.

Selpha alimpa kijitabu Celestine asome. Yeye mwenyewe alisimama kando ya mlango, mikono kiunoni.

"Umeusokota mkanda, Mchungaji," alisema. "Fungua."

Chakula kilichelewa karibu saa nzima siku hiyo. Wageni walikula kikiwa kimepoa, na hakuna aliyelalamika.