Sahihi ya Muuza Nyama

Siku ya kusaini mikataba ya nidhamu, ukumbi wa shule ulijaa wazazi mpaka wengine wakakalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Shule ilikuwa imechoka na utoro na matusi, ikaona dawa ni kuandikiana: mzazi aahidi, mwalimu aahidi, mtoto aahidi. Mkuu wa shule alishatangaza kwenye spika kwamba mkataba wenye uongo utafutwa, na mtoto asiye na mkataba hana nafasi darasani.

Kwenye foleni alisimama fundi cherehani, gauni la kijani alilolishona mwenyewe likimkaa sawasawa, pini mbili zimesahauliwa kwenye ukosi. Alikuwa anamlea binti wa marehemu dada yake, msichana wa darasa la sita ambaye shule nzima ilimwita Kibiriti. Na mtoto haitwi Kibiriti bure, jamani.

"Mlezi wa pili hajasaini," karani alimrudishia fomu.

"Sina mlezi wa pili. Niko peke yangu."

"Mstari hauachwi wazi, mama. Anayefuata!"

Angefanyaje? Akamgeukia jirani yake muuza nyama, aliyekuwa nyuma yake. "Kaka, niokoe na sahihi moja." Muuza nyama, mtu asiyejua kukataa, akasaini. Lo! Ujinga wa dakika moja.

Fomu ikafika kwa mwalimu wa nidhamu, mwanamume mrefu mwenye vumbi la chaki begani. Aliinua uso amkemee anayechelewesha foleni, akasahau alichotaka kusema.

"Hizo pini zitakuchoma," alisema.

"Zimenizoea, Mwalimu."

Mkataba ulimtaka mwalimu ampigie mlezi kila Ijumaa saa kumi jioni. Ijumaa ya kwanza waliongea dakika tatu, zote za Kibiriti. Ya nne waliongea dakika arobaini, na Kibiriti alitajwa mara moja tu.

"Umekula, Fundi?"

"Hilo nalo limo kwenye mkataba?"

"Limo. Kwa maandishi madogo. Hukusoma."

Fundi alicheka mpaka akasahau mguu kwenye cherehani. Lakini kicheko kikinoga tu, mwalimu alikuwa anapoa ghafla: "Haya mama, tutaongea wiki ijayo." Mama tena? Si sasa hivi alikuwa Fundi? Kumbe mwalimu alikuwa na faili wazi mbele yake, macho kwenye ile sahihi ya pili, ya mwanamume, imetanda kama ya mwenye nyumba. Moyo wake ulikuwa unamuuma, basi tu.

Ijumaa ya saba simu haikulia. Fundi alishona mkono wa blauzi ndani nje, akafumua, akashona tena vilevile. Nimemkosea nini? Amenichoka? Au nilijipa mapenzi mwenyewe kwenye karatasi ya shule? Hakuelewa kitu, na alimpenda, hilo ndilo lililomtia hasira.

Badala ya simu, Kibiriti alileta barua: walezi wote wawili waliosaini wafike Jumatatu saa nne.

"Mama mdogo, mbona unaisoma mara ya tatu? Safari hii sijafanya kitu, naapa!"

Jumatatu muuza nyama alifika na aproni yake, na mkewe nyuma yake.

"Nimesikia mume wangu ana mtoto hapa nisiyemjua," mke alisema akivuta kiti. "Nimekuja kumwona."

Mwalimu alitazama huyu, akatazama yule. "Samahani, mke wa nani ni nani?"

Fundi alitazama mlango. Kusema kweli ni kumtoa mtoto wa dada yake darasani. Kunyamaza ni kumwaibisha jirani mbele ya mkewe. Akajikaza.

"Mimi sina mume, Mwalimu. Karani alikataa mstari mtupu, nikaomba sahihi kwa jirani. Kosa ni langu. Niadhibu mimi, usimguse mtoto."

"Huna mume?"

"Ndicho ulichosikia peke yake?"

"Wiki zote hizi najilaumu kwamba nachekacheka na mke wa mtu! Ndiyo maana nikaacha kupiga, nikaona niongee na wewe mbele ya mumeo." Alifuta jasho. "Na huyo karani! Mlezi mmoja anatosha. Tunapiga mstari tu."

"Na Kibiriti?"

"Anabaki. Umekiri mwenyewe kabla hujashikwa. Hata wanafunzi tunawasamehe hivyo."

Mke wa muuza nyama alimvuta mumewe mkono. "Twende, baba. Hawa hawatuhitaji."

Mwalimu alitoa fomu mpya. Fundi alisaini, akashika rula apige mstari pale pa mlezi wa pili. Mwalimu akaizuia rula.

"Paache wazi kwanza. Nitapasaini mimi, wazee wako wakinikubali. Na wewe ukinikubali."

"Mwalimu hawezi kusaini pande mbili."

"Najua. Kuanzia leo faili la Kibiriti nampa mwenzangu."

Fundi aliinamisha uso. "Kwa hiyo Ijumaa hutanipigia tena?"

"Ijumaa atapiga yeye," mwalimu alisema. "Mimi nipe siku zilizobaki."

Fundi akairudisha rula mezani.