Mdomo Uliokufa Ganzi

Siwema aliikalia ndoo ya Marwan kabla hajamjua Marwan mwenyewe. Siku hiyo stesheni ya Tabora ilikuwa imefurika. Treni ya kutoka Dar ilikuwa inakatwa mabehewa, ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na abiria waliokaa behewa lisilo lao walikimbizana na mizigo kichwani. Siwema, fundi cherehani, alikuja kupokea vitambaa vyake, miguu ikamchosha, akajibwaga kwenye ndoo ya kwanza aliyoiona. Mfuniko haukuwa umekazwa. Alipoinuka, baibui lake jipya lenye shanga mikononi lilikuwa limelowa asali nyuma nzima.

Kijana mrefu, mwembamba, mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri, alisimama mbele yake hajui acheke au aombe radhi.

"Dada, hiyo asali nilikuwa naipeleka sokoni."

"Basi nipeleke na mimi, maana tumeshagandana."

Marwan alicheka mpaka akaficha uso kwa kiganja. Alikuwa mtu wa haya, na haya hiyohiyo ndiyo iliyompendeza Siwema, maskini, asijue inakompeleka. Simu zikaanza jioni ile. Mwaka haukuisha, wakaoana, Siwema akahamia kwenye nyumba ya zamani ya ukoo wa Marwan, yenye mlango wa kuchongwa.

Tuseme wazi, sote ni watu wazima. Marwan alikuwa anawahi kumaliza, kisha anageukia ukutani kimya. Siwema humvuta bega, na taratibu wanaanza kuongea, habari za nyuki, za wateja wakorofi, za utoto wa Siwema kule Puge. Aliyapenda maongezi hayo kuliko kitu kingine chochote katika ndoa yake. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mumewe, alidhani anajua.

Kisha Marwan akaenda Mwanza kuuza asali, akarudi mtu mwingine. Sasa alichukua muda, tena muda mrefu, na uso ukamjaa ushindi. Ila Siwema hakusikia kitu. Mwili wake ulikuwa kama ameuazima kwa mtu. Akaingiwa na hofu. Akaenda kupimwa hospitali ya Kitete, akaambiwa ni mzima. Akanywa mizizi ya shangazi yake, akajifukiza ubani, wapi. Kadiri alivyopoa ndivyo Marwan alivyozidi kujitahidi, na kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kupoa. Maongezi nayo yakafa.

Mchana mmoja akamwambia ukweli, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuishi na mtu.

"Marwan, mimi nimeharibika. Tukilala sisikii chochote."

Marwan hakulisikia hilo la kuharibika. Alichosikia ni kwamba yeye hatoshi. Akavaa viatu, na pale mlangoni, macho yakiwa sakafuni, akampa talaka moja. Akapanda treni kwenda Bukene kwa watu wanaomuuzia asali.

Eda ikaanza. Siwema akabaki katika nyumba ileile kama dini inavyotaka, akijua kwamba kabla eda haijaisha Marwan anaweza kumrejea kwa neno tu, bila ndoa mpya. Alilitamani neno hilo kila simu ilipoita. Lakini alijiuliza pia, akirudi, anamrudia mwanamke gani? Aliamini kabisa kwamba yeye ni mbovu.

Siku ya kufua, akapekua mifuko ya koti la safari la Marwan, akatoa kichupa kidogo cha kupuliza. Akadhani ni marashi. Akapuliza kidoleni, akanusa, akagusa mdomo. Punde mdomo ukawa mzito. Akaung'ata, hakusikia meno. Akaketi chini kando ya beseni, mikono na povu lake, kwa sababu ganzi ile aliijua vizuri sana. Hakuwa ameharibika. Alikuwa amepakwa dawa.

Akapiga simu hata kabla hajakausha mikono.

"Marwan, mdomo wangu umekufa ganzi."

Huko Bukene jogoo aliwika.

"Umekiona kichupa," Marwan akasema.

"Kiingereza changu cha sekondari kinatosha kukisoma. Kinasema ungoje, kisha unawe, ndipo umsogelee mwenzio. Ulikuwa unanawa?"

Alieleza kwa sauti ya mtu anayetapika. Rafiki alimwelekeza duka la dawa kule Mwanza, wanakouza dawa ya kumchelewesha mwanamume. Aliona aibu kuuliza, akalipa akatoka mbio, wala hakusoma. Alikuwa anajipulizia dakika ya mwisho, na alipoona mke anapoa, akaongeza.

"Na wewe mwenyewe ulikuwa unasikia?" Siwema akauliza.

"Hapana," Marwan akasema. "Hata mimi sikuwa nasikia kitu."

Siwema akalia. Miezi yote ile walihangaika, na pale kitandani hapakuwa na mtu. Ndipo akamweleza habari ya maongezi, jinsi alivyokuwa akiyangoja kutwa nzima.

"Ungeniambia, Siwema."

"Na wewe ungeniambia. Nirejee, mume wangu, lakini si kwa simu. Njoo Ijumaa, kabla eda haijaisha, uniambie usoni. Talaka uliiambia sakafu."

"Nitakuja, laazizi."

Ijumaa Siwema alivaa baibui lile la asali, ambalo doa lake halikuwahi kutoka lote, akajipaka wanja, akaenda stesheni. Treni ya kutoka Mwanza, inayopitia Bukene, ikaingia. Aliangalia kila mlango. Walishuka akina mama na magunia ya mpunga, wanafunzi, masista wawili, mpaka jukwaa likabaki na wapagazi. Marwan hakushuka. Mtu wa mizigo ndiye aliyeita jina la Siwema, akamkabidhi ndoo iliyofungwa kamba, imetoka Bukene.

Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Hapo akaelewa kwamba Marwan angeweza kumtumia kila kitu isipokuwa uso wake. Eda ingeisha, naye Siwema angerudi kwa mama yake Puge.

Akaikalia ndoo. Safari hii mfuniko ulikuwa umekazwa barabara. Baadaye akaifungua, akachovya kidole, akalamba. Asali ilikuwa tamu, kali kidogo, ikamchoma ulimi, ikashuka hadi kooni, na yote aliyasikia. Alikuwa mwanamke mzima, hana kasoro hata moja. Akalia kwa sauti na kidole mdomoni, na nyuma yake wakaanza kuunga mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma.